Je, mji unaweza kukatalia sheria ya taifa juu ya kutoa mimba? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara Lubumbashi

Tangu habari za miji ya Marekani inayokatalia sheria za kutoa mimba zianze kuzunguka kwenye simu zetu, haipiti wiki bila mtu kuniuliza kama na sisi Lubumbashi tunaweza kufanya vile. Naulizwa Katuba, naulizwa Kenya, zote komini (wilaya) za mji wetu, naulizwa hata kwenye korido za mahakama nikiwa nasubiri kesi kuitwa. Mimi ni mwanasheria, nafuata kesi za akina mama na wasichana, na nimeona heri niandike majibu yote mahali pamoja. Nitasema "kutoa mimba", ingawa hapa kwetu wengi wanasema kutosha mimba. Ni jambo lile lile.

Komini, mji au jimbo la Haut-Katanga linaweza kukataa sheria ya Kinshasa juu ya mimba?

Kuibadilisha, hapana. Kifungu cha 202 cha Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 kimeweka Kanuni ya Adhabu na sheria za udaktari mikononi mwa serikali kuu peke yake. Bunge la jimbo lina sheria zake, zile tunazoziita édit, lakini édit haifuti hata mstari mmoja wa Kanuni ya Adhabu. Meya hawezi, mkuu wa komini hawezi, gavana naye hawezi.

Ila swali lenyewe linaanzia mahali pasipo sahihi. Linadhani Kinshasa imekataza kila kitu, na kwamba mji ndio ungetuokoa. Kwetu mambo yako kinyume: ruhusa imekwisha kutoka juu, na kizuizi kiko huku chini. Kiko kwenye meza ya mapokezi ya hospitali, kwa OPJ (afisa wa polisi wa upelelezi), kwa shefu wa mtaa, na mara nyingine sebuleni kwetu wenyewe. Ukishika hilo, majibu mengine yote hapa yatakuwa mepesi.

Ruhusa gani? Si tunajua kutoa mimba ni kosa la jela?

Vifungu vya 165 na 166 vya Kanuni ya Adhabu, ambayo mzizi wake ni amri ya tarehe 30 Januari 1940, enzi ya Wabelgiji, bado vimo. Anayemtoa mwanamke mimba anaweza kupewa miaka 5 hadi 15. Mwanamke mwenyewe aliyejitoa mimba, miaka 5 hadi 10. Hivyo viwili kila polisi anavijua kwa ghibu.

Kuna vitu vilivyofuata ambavyo wengi hawavijui. Tarehe 11 Julai 2003 nchi za Afrika zilipitisha Itifaki ya Maputo juu ya haki za wanawake. Kongo iliiridhia mwaka 2008, kisha karatasi ikalala miaka 10. Tarehe 14 Machi 2018 ndipo ilipochapishwa katika Gazeti Rasmi, na siku hiyo ndiyo yenye uzito wote, kwa sababu kifungu cha 215 cha Katiba kinasema mkataba uliofungwa kihalali, ukishachapishwa, unasimama juu ya sheria za kawaida. Wiki tatu hivi baadaye, tarehe 6 Aprili 2018, Baraza Kuu la Mahakimu likatoa waraka wa kuwaelekeza mahakimu na parke (ofisi ya mwendesha mashtaka) jinsi ya kukitumia kifungu cha 14 cha Itifaki. Desemba 2020 Wizara ya Afya nayo ikatoa miongozo kwa wahudumu: nani anaweza kutoa huduma, wapi, na kwa njia gani.

Mkataba uko juu ya vifungu vile viwili. Pale mkataba unaporuhusu, 165 na 166 havina nguvu. Nje ya pale, bado vinauma.

Kwa hiyo inaruhusiwa katika hali zipi hasa?

Kifungu cha 14, aya ya 2, herufi c, kinataja hali hizi: shambulio la kingono, ubakaji, mimba ya ndugu wa damu, na pale kuendelea kwa mimba kunapohatarisha afya ya akili na ya mwili ya mama, au maisha ya mama au ya mtoto aliye tumboni. Na kinasema wazi kwamba ni huduma ya kidaktari. Hakisemi mizizi ya miti, wala vidonge vya kununua gizani sokoni.

Naulizwa: na msichana ambaye hana pesa, au aliyeachwa na kijana, au anayetaka kumaliza shule? Sitaki kumdanganya mtu yeyote. Umaskini peke yake haumo katika orodha hiyo, wala shule. Lakini msichana wa miaka 14 aliyepewa mimba na mwalimu wake hayuko katika "kuachwa na kijana". Chini ya miaka 18, sheria ya Kongo inauita ubakaji, hata kama wazee wa pande zote mbili wamekaa wakapokea mbuzi.

Ni lazima kwanza kupata hukumu, au karatasi ya parke?

Itifaki haidai hukumu. Hapa nasimama kidogo, kwa sababu hapa ndipo wasichana wetu wanapopotea.

Niliwahi kumsindikiza mama mmoja na binti yake. Mtoto alikuwa amebakwa na mtu wa karibu na familia, na mimba ilikuwa bado changa. Hospitali ya kwanza ikasema: leteni karatasi ya parke, sisi hatutaki matatizo. Parke wakasema: leteni karatasi ya daktari, bila hiyo hatufungui faili. Tukarudi hospitali, daktari mwenye kazi hiyo yuko safarini. Tukaenda nyingine, tukaambiwa tuongee na mkurugenzi, mkurugenzi akaniuliza mimi, mwanasheria, kama nina uhakika kwamba hiyo Maputo ni sheria ya Kongo. Nilikuwa nayo mkononi. Aliisoma yote, akanirudishia, akasema atafikiri. Na mimba haisubiri mtu anayefikiri. Kila wiki iliyopita ilifanya huduma kuwa ngumu zaidi, na yule mama, ambaye mwanzoni alikuwa na hasira, mwishoni alikuwa na aibu, kana kwamba yeye ndiye anayeomba jambo baya. Hakuna hata mmoja katika hao aliyesema "hapana". Wote walisema "kwanza".

Karatasi ya daktari inahitajika kwa ajili ya kesi dhidi ya mbakaji. Sheria namba 06/019 ya tarehe 20 Julai 2006 inamtaka mwendesha mashtaka au hakimu mwenyewe kumwita daktari na mwanasaikolojia. Hiyo ni kazi ya kesi. Matibabu ni jambo lingine, na hayapaswi kungoja kesi.

Na kama ubakaji umetokea sasa hivi, usianze na parke, wala usianze na kikao cha familia. Anza na hospitali. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zinatakiwa kuanza ndani ya masaa 72, na dawa ya dharura ya kuzuia mimba ndani ya siku 5, mapema ndiyo bora. Ikitolewa kwa wakati, mara nyingi swali la kutoa mimba halifiki kabisa.

Miji ya Marekani ilifanya nini basi?

Kwanza tuelewane: kule hakuna sheria moja ya taifa inayokataza. Tarehe 24 Juni 2022 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Dobbs, ilifuta uamuzi wa Roe v. Wade wa mwaka 1973, uliokuwa unalinda haki ya kutoa mimba nchi nzima, na tangu hapo kila jimbo linajiamulia. Majimbo kama Texas na Louisiana yakafunga mlango karibu kabisa. Kwa hiyo vita vya kule ni vya mji dhidi ya jimbo lake.

Mfano unaotajwa sana ni Austin, makao makuu ya Texas. Tarehe 21 Julai 2022 halmashauri yake ilipitisha maazimio yanayoitwa GRACE Act. Hawakuandika kwamba kutoa mimba ni halali, wasingeweza. Walitumia kile walicho nacho: fedha za mji, wakasema zisitumike kukusanya habari za watu waliotoa mimba, na polisi wa mji, wakaombwa waweke uchunguzi wa aina hiyo mwisho kabisa wa orodha ya kazi. Dallas ilifuata mwezi uliofuata. Wakati huo katika Texas daktari anayetoa mimba nje ya hali chache sana anakabiliwa na kifungo hadi cha maisha.

Walifanikiwa?

Kidogo, na kwa gharama. Nawaambia hivyo kwa sababu video za simu zinaonyesha makofi tu.

New Orleans, huko Louisiana, halmashauri ilipotangaza kwamba haitatumia fedha zake kutekeleza katazo, jimbo lilichelewesha mkopo wa dola milioni 39 uliohusu mitambo ya kuondoa maji ya mafuriko. Mji ule unajua mafuriko ni nini. Fedha zilikuja kuruhusiwa Septemba 2022, lakini ujumbe ulikuwa umefika. Huko Florida, mwendesha mashtaka wa Tampa, Andrew Warren, aliyekuwa ametia saini tamko la kutofungulia watu mashtaka ya kutoa mimba, alisimamishwa kazi na gavana Ron DeSantis tarehe 4 Agosti 2022, ingawa alikuwa amechaguliwa na wananchi. San Antonio, Mei 2023, wapiga kura wenyewe walikataa pendekezo lililochanganya jambo hili na mengine ya polisi. Na Austin ilipotenga dola 400,000 mwaka 2024 kuwasaidia wanawake kusafiri kwenda majimbo mengine, ilishtakiwa, kisha bunge la Texas likapitisha mwaka 2025 sheria ya kuzuia miji kutumia fedha zake kwa safari hizo.

Mwenye mkoba ndiye mwenye neno. Hilo hata sisi wa Katanga tunalijua, sisi tuliohesabu miaka mingapi tukisubiri asilimia 40 ya mapato ya taifa ambayo Katiba inayapa majimbo.

Na Meksiko? Nimesikia mji mkuu wake uliruhusu peke yake.

Kweli. Tarehe 24 Aprili 2007 bunge la mji wa Meksiko liliruhusu kutoa mimba hadi wiki ya 12, wakati sehemu nyingine za nchi zilikataza. Taasisi mbili za taifa zilipeleka kesi, na Mahakama ya Juu ikaupa mji haki tarehe 28 Agosti 2008. Iliwezekana kwa sababu Meksiko kila jimbo, pamoja na mji mkuu, lina kanuni yake ya adhabu. Sisi tunayo moja tu kwa nchi nzima. Mfano mzuri, lakini si wetu.

Kuna mji wowote unaofanana na hali yetu?

Uko, na ndio ninaotamani ujulikane hapa kuliko Austin: Rosario, nchini Argentina.

Kanuni ya adhabu ya Argentina, tangu mwaka 1921, ilikataza kutoa mimba lakini ikaacha milango michache: hatari kwa maisha au afya ya mama, na ubakaji kwa namna fulani. Miaka zaidi ya 80 milango hiyo ilikuwa kwenye karatasi tu. Madaktari waliogopa, wakawa wanadai ruhusa ya hakimu ambayo sheria haikuidai, mahakimu wakasita, mimba ikakua. Unaona? Ni mama yule yule niliyemsindikiza mimi, ila anaongea Kihispania.

Mwaka 2007 halmashauri ya Rosario ikapitisha amri ya mji kwa ajili ya hospitali zake yenyewe. Haikubadilisha sheria ya taifa hata neno. Iliandika utaratibu: mwanamke akija na sababu iliyo katika sheria, apokelewe vipi, na nani, bila kumrudisha mahakamani. Mwaka 2012, tarehe 13 Machi, Mahakama ya Juu ya Argentina ikasema jambo lile lile kwa nchi nzima: aliyebakwa hahitaji ruhusa ya hakimu, na mikoa iandike taratibu zake. Tarehe 30 Desemba 2020 bunge la taifa likaruhusu hadi wiki ya 14. Lakini Rosario haikungoja 2020. Ilianza kwa kuheshimu sheria iliyokuwapo, ambayo wengine wote walikuwa wanaipita pembeni.

Basi Lubumbashi na Haut-Katanga wanaweza kufanya nini, bila kuvunja sheria?

Mengi kuliko wanavyotuambia. Waziri wa afya wa jimbo na Idara ya Afya ya jimbo wanaweza kuhakikisha miongozo ya Desemba 2020 imefika kwa kila daktari mkuu wa zoni ya afya, na si kufika tu bali kufundishwa. Wanaweza kutaja hospitali zinazopokea, mchana na usiku, ili mama asizungushwe kama mpira. Bunge la jimbo linaweza kutenga fedha za matibabu ya waliobakwa katika bajeti yake, na kuwaita wakuu wa hospitali kujieleza. Mkuu wa komini anaweza kuwaita mashefu wa mitaa na kuwaambia kwamba kupatanisha kesi ya ubakaji kwa pesa si kazi yao: tangu 2006, hata OPJ haruhusiwi kumaliza kesi ya namna hiyo kwa lamandi (faini).

Ukiniuliza lipi ningechagua kama ningepewa moja tu, ningechagua tangazo. Karatasi moja ukutani, kwa Kiswahili chetu, penye kila materinite (wodi ya uzazi) ya serikali, ikisema hali zilizoruhusiwa na kwamba hukumu haihitajiki. Haina gharama kubwa. Ingemwokoa yule mama siku zote zile.

Meya anaweza kuwaambia polisi wasikamate, kama Austin?

Hapana. Polisi wetu ni wa taifa na parke ni ya taifa, hawako chini ya halmashauri. Ila parke yenyewe ina ule waraka wa 6 Aprili 2018. Mtu wako akiwekwa kasho (mahabusu) kwa kesi iliyo ndani ya kifungu cha 14, usimbembeleze OPJ, wala usimpe kitu. Mwambie mwanasheria wako auweke waraka ule mezani kwa mwendesha mashtaka.

Na kinyume chake: jimbo au hospitali inaweza kukaza zaidi kuliko taifa?

Swali zuri, na watu hawaliulizi vya kutosha. Jibu ni lile lile la kifungu cha 202: kama jimbo haliwezi kulegeza, basi haliwezi kukaza pia. Kidaftari cha sheria za ndani za hospitali ni kidogo zaidi ya édit. Mkurugenzi anayesema "hapa kwetu hatufanyi, nukta" katika hospitali ya serikali, huyo ndiye anayepinga sheria ya taifa. Tumezoea kumwita mwangalifu.

Mimi ni Mkristo. Mbona unaongea kama vile kanisa halipo?

Lipo, na mimi mwenyewe nasali. Muuguzi ambaye dhamiri yake inamkataza hatakiwi kulazimishwa kufanya kwa mikono yake. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu ilieleza mwaka 2014 kwamba anayekataa kwa dhamiri ampeleke mgonjwa kwa mwingine mara moja, na kwamba dhamiri haiwi sababu pale maisha ya mama yanapokuwa hatarini. Hospitali nzima haina dhamiri moja. Na kumwacha mtu avuje damu hadi afe hakujapata kuwa sala ya kanisa lolote ninalolijua.

Si rahisi zaidi kuvuka Kasumbalesa, kutibiwa Zambia?

Zambia ina sheria yake ya mwaka 1972, pana kuliko ya kwetu: inaangalia hata hali ya maisha ya mama, ila inataka saini za madaktari watatu isipokuwa kwa dharura. Wenye pesa husafiri. Mpaka uko kama kilomita 90, halafu kuna foleni ya malori, pasi, hoteli, lugha. Binti wa komini ya Ruashi hana hayo. Na tafadhali, mtu anayevuja damu asipandishwe gari kwenda mpakani. Apelekwe hospitali iliyo karibu.

Tukimpeleka hospitali akiwa tayari anavuja damu, watamshitaki?

Kumtibu anayevuja damu ni wajibu, hata kama alichofanya hakimo katika kifungu cha 14, na hata kama alimeza kitu nyumbani. Daktari na muuguzi wamefungwa na siri ya kazi: kifungu cha 73 cha Kanuni ya Adhabu kinamwadhibu anayeitoa. Mpe daktari ukweli wote juu ya alichotumia na lini, kwa sababu ukweli huo ndio utakaomponya. Shefu wa mtaa hana haki ya kuusikia.

Hofu hii inaua. Uchunguzi wa kina uliofanyika Kinshasa ulikadiria zaidi ya mimba 146,000 zilizotolewa mwaka 2016 katika mji ule mmoja, zikiwa bado haziruhusiwi. Katazo halikuzizuia. Liliwafanya watu wazitoe kwa kujificha.

Ndugu zetu wa Goma na Bukavu je?

Kuingia kwa waasi wa M23 Goma mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari, hakukufuta Itifaki. Ila kudai haki mahali ambapo utawala umegawanyika ni jambo lingine kabisa. Kwa huko nasema matibabu kwanza, na utunze kila karatasi ya daktari, kwa siku ambayo kutakuwa na wa kuipokea.

Niliandika barua komini, wakanijibu "hilo ni jambo la Kinshasa". Nifanye nini?

Andika tena, lakini usiombe "kuruhusu kutoa mimba". Ukiomba hivyo, umewapa mlango wa kutokea. Uliza kilicho chao. Materinite ya komini yetu ina wahudumu wangapi waliofundishwa miongozo ya Desemba 2020? Mama aliyebakwa akifika saa nane za usiku, nani anampokea? Analipa faranga ngapi? Nakala mpelekee mshauri wa komini yako, hao tuliowachagua Desemba 2023, na nyingine kwa mbunge wa jimbo. Dai muhuri wa mapokezi wenye tarehe juu ya nakala yako. Wakisema muhuri haupo leo, rudi kesho, na mpeleke jirani awe shahidi.